Sikio la Mpiga Besi

Dukani kila besi ni tamu. Unaichomeka kwenye amplifaya ndogo, unapiga noti mbili tatu, sauti inajaa chumba na hakuna anayekuingilia. Hakuna drams, hakuna solo, hakuna ridhimu, hakuna mpiga kinanda mwenye mkono wa kushoto mzito. Ndiyo maana vijana wengi hutoka na gitaa lililowalewesha pale pale, na Jumamosi ya kwanza ukumbini linamezwa. Ngurumo inasikika, ila mtu hajui ni noti gani.

Wapiga besi waliokomaa wana ustadi ambao sijachoka kuuhusudu: husimama dukani peke yao wakaisikia bendi isiyokuwepo. Wanapopiga noti moja ndefu na kuiacha ife yenyewe, masikio yao yanapanga ngoma ya mguu chini yake, gitaa la ridhimu juu yake, sauti ya mwimbaji mbele yake, kisha wanauliza kama bado kuna mahali pa noti ile. Kuchagua besi ni kuchagua mahali pa kukaa ndani ya muziki wa wenzako, na si kazi ya dakika kumi.

Mzoefu haanzi na umeme. Anaivaa besi kwa mkanda, anaachia mikono yote miwili, anatazama kama kichwa kinainama. Besi inayoangukia kichwani huufanya mkono wa kushoto ubebe badala ya kupiga, na harusi huchukua saa nne au tano. Besi nyingi zina uzito wa kati ya kilo tatu na nusu na tano. Tofauti ya kilo moja mchana haikusumbui, lakini saa nane usiku bega linaijua. Kisha anaiinua kama mtu anayelenga bunduki, jicho moja limefumbwa, aone shingo ilivyonyooka. Inatakiwa ipinde kwa mbele kidogo mno, kwa sababu uzi unaotetemeka unahitaji nafasi katikati. Ndani ya shingo kumezikwa chuma kirefu kinachopambana na mvuto wa nyuzi, na fundi hukikaza au kukilegeza kila shingo inaposogea. Kwetu Pwani inasogea: masika ina unyevu wake, kaskazi ina joto lake. Besi ambayo chuma chake kimeshakazwa hadi mwisho, hata iwe na jina gani, mzoefu huirudisha ukutani.

Bado hajachomeka jeki. Sasa anapiga kila noti, freti kwa freti, uzi kwa uzi, akitafuta noti mfu. Besi nyingi za mtindo wa kampuni ya Fender zinayo, mara nyingi kwenye uzi mwembamba kati ya freti ya tano na ya saba. Noti inaanza vizuri kama nyingine, kisha inazimika kabla ya wakati. Shingo nayo ina mtetemo wake, na noti ikikutana nao mbao hula nguvu ya uzi. Fundi anaweza kuihamisha kidogo, kuiondoa kabisa ni shida. Mzoefu haikatai besi kwa hilo. Anataka tu kujua noti hiyo iko wapi na itamgharimu katika ufunguo upi. Wengine hugusisha taya kwenye pembe ya mbao ili wasikie kwa mfupa. Nimewatazama watu wakifanya hivyo kwa utulivu ambao duka lenye kelele halistahili, na naamini uamuzi wao huwa umekaribia kukamilika hapo.

Jambo la ajabu ni kwamba chombo hiki kilikaribia kutimia tangu mwanzo. Leo Fender hakuwa mpiga gitaa. Alikuwa fundi redio wa Fullerton, California, na Precision Bass aliyoileta sokoni mwaka 1951 ilijibu shida za wanamuziki wa kazi. Besi kubwa ya kusimama, ile ambayo wapenzi wa taarab wanaijua kutoka Culture Musical Club ya Unguja, haiingii garini kirahisi, inazidiwa na kelele ya ukumbi, na haina alama ya kukionyesha kidole pa kutua. Freti zilimaliza shida hiyo ya mwisho: bonyeza nyuma ya chuma, noti inatoka sawasawa, na jina Precision likatokana na usahihi huo. Urefu wa uzi unaotetemeka aliuweka inchi 34, yaani kama sentimita 86, na watengenezaji wengi duniani wanaufuata mpaka leo. Mwaka 1957 sumaku inayonasa sauti ikagawanywa vipande viwili, kimoja cha nyuzi nene na kingine cha nyembamba, koili zake zikipangwa kwa kupingana ili mvumo wa umeme ujifute wenyewe.

Precision ina sauti moja. Ina kitufe cha kuongeza na kupunguza sauti, kingine cha kupunguza ukali, basi. Anayeijaribu baada ya besi za kisasa huiona butu. Lakini nguvu yake iko katikati, pale ambapo sikio linaitambua noti hata spika ikiwa duni. James Jamerson alipiga nyimbo za Motown kule Detroit kwa Precision ya mwaka 1962, yenye nyuzi laini na nzito za La Bella asizopenda kuzibadilisha, sponji chini ya kifuniko cha daraja, na kidole kimoja tu cha shahada mkono wa kulia. Sikiliza rekodi zile kwenye redio ndogo ya betri. Zile noti za chini kabisa redio haiwezi kuzitoa, na bado besi inatembea, inauliza, inajibu. Tabia hiyo hiyo naipenda katika dansi lililorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam: besi inanyamaza pale unapoitegemea, inarudi nyuma kidogo ya ngoma, na kila noti ina mwanzo na mwisho. Kwa anayepiga zilipendwa, sijaona chombo kinachoishinda Precision yenye nyuzi laini.

Jazz Bass ya mwaka 1960 ni tabia nyingine. Shingo yake pale nyuzi zinapoingia kichwani ilikuwa na upana wa milimita 38 hivi, wakati Precision ya enzi hizo ilikuwa na 44, na mwenye vidole vifupi huona tofauti hiyo mara moja. Sumaku ni mbili, moja karibu na shingo, nyingine karibu na daraja, na kila moja ina kitufe chake. Ukifungua ya nyuma zaidi, noti inapata ukavu na makali. Ukirudi mbele inanenepa. Ukizifungua zote sawa, sauti ya katikati hujirudisha nyuma, chini na juu zikajitokeza. Familia moja ya besi imempa Aston Barrett uzito wa Bob Marley and the Wailers, ikampa Marcus Miller ung'avu wa kidole gumba kwenye besi yake ya mwaka 1977, na Jaco Pastorius akaimba nayo baada ya freti kuondolewa na mashimo kuzibwa. Ukiniambia utakuwa na besi moja tu, Ijumaa hotelini na Jumapili kanisani, nitakwambia chukua hii.

Ila sikiliza inavyovuma. Kila sumaku ya Jazz Bass ina koili moja, na koili moja hunasa mvumo wa umeme wa jengo. Zikifunguliwa sawasawa zinafutana. Punguza moja tu na mvumo unarudi. Hapa kuna jambo ambalo wapiga besi wa kwetu wanalijua kwa masikio: umeme wa Afrika Mashariki hutetemeka mara 50 kwa sekunde, na G ya freti ya tatu kwenye uzi mnene wa E hutetemeka mara 49. Mvumo wa ukumbi wenye ethi mbovu kwa hiyo ni G iliyopanda kidogo, inayokwaruzana na G yako usiku kucha. Marekani umeme ni mara 60, na mvumo wao huangukia kati ya A-sharp na B. Mzoefu anayekagua Jazz Bass hufungua sumaku ya nyuma peke yake, hukaa kimya, hugeuka taratibu kuzunguka chumba, asikie mvumo unavyopanda na kushuka kadiri anavyoelekea nyaya na taa. Mwenye duka hudhani amepotelewa na wimbo.

StingRay ya Music Man, iliyotoka mwaka 1976, ilikuja na saketi ya kukuza sauti ndani ya besi yenyewe, ikitumia betri ya volti 9. Bernard Edwards wa bendi ya Chic aliitumia, na ukitaka noti inayopiga kifua cha mchezaji bila kumsumbua mwimbaji, inafaa sana. Mimi huiona inasema mno kwenye rumba ya polepole. Na betri inataka nidhamu: jeki ikiachwa ndani usiku kucha betri inakwisha, na besi nyingi za aina hiyo huwa bubu kabisa. Wanaozitumia kwa kazi hubeba betri ya akiba ndani ya begi pamoja na nyuzi.

Besi za nyuzi tano zimeenea sana, kanisani na kwenye sebene. Uzi wa tano, ule wa B, hutetemeka mara 31 kwa sekunde, na spika nyingi za kumbi zetu haziutoi vizuri. Faida yake kubwa kwa mwanamuziki wa kazi iko kwa waimbaji. Mwimbaji akiamka na koo zito akataka wimbo ushushwe hadi D, mwenye nyuzi nne hana D ya chini. Mwenye tano anabadilisha mkono tu. Anayenunua asikilize kama uzi wa B una sauti ya noti au ni mkoromo. Kwenye besi nyingi za bei nafuu ni mkoromo.

Mbao huleta ubishi mkubwa kuliko zinavyostahili. Warwick ya Ujerumani imezipenda mbao za Afrika ya Kati, wenge na bubinga, na shingo ya wenge ni ngumu kweli, jambo linalosaidia noti kudumu. Ubao wa vidole mara nyingi hutoka kwa miti ya jenasi ya Dalbergia, jamaa wa mpingo wetu wa Lindi. Najivunia udugu huo. Hata hivyo, bendi ikishaanza, nyuzi na vidole huamua zaidi ya mbao, na seti mpya ya nyuzi inaweza kubadilisha sauti kuliko kubadilisha besi yenyewe.

Wazee wengi wa dansi hawakuwahi kuchagua. NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na vyombo vilikuwa vya mwajiri. Kwa bendi nyingine, mwenye vyombo ndiye aliyekuwa mwenye bendi. Mpiga besi alipokea kilichopo, akakiacha alipohama. Sauti zile tunazoziheshimu zilitengenezwa kwa kulibembeleza gitaa la mtu mwingine, na mikono iliyojua kufanya hivyo ndiyo iliyonifundisha kusikiliza. Anayeweza leo kununua yake mwenyewe ana uhuru mkubwa, nao unastahili subira ile ile.

Kwa hiyo besi ninayoitaka naomba kwenda nayo kazini kabla ya kuinunua. Kwenye wimbo wa tatu au wa nne, watu wakishaanza kucheza, nampa mwenzangu aipige. Nashuka, nasimama nyuma kabisa karibu na jikoni, kisha pembeni mwa spika, kisha katikati ya wachezaji, na namuuliza fundi mitambo amegusa nini kwenye miksa. Kama hajagusa kitu, na noti naitambua sehemu zote tatu, Jumatatu naenda kuzungumza bei.