Ukiona Maji ya Zambarau

Mwenzako amerudi Nairobi kutoka Kisite au Watamu, anakupa simu uone picha alizopiga baharini kwa kamera ndogo. Kasa, kitatange, matumbawe, vyote vinang'aa. Usianze na samaki. Tazama maji yaliyo nyuma yake. Yakiwa buluu au ya kijani, endelea. Yakiwa ya zambarau, mtu ameivuta nyekundu kwa nguvu kwenye kompyuta, na hata huyo kasa ni wa kutiliwa shaka.

Maji hunyonya nyekundu kabla ya rangi nyingine. Ukifika mita 5 kwenda chini, sehemu kubwa yake imeshapotea. Rangi ya chungwa hufuata, njano hujikaza kidogo, buluu hubaki. Wapigapicha wengi wanalijua hilo, ila hukilaumu kina peke yake. Mwanga hushuka hadi kwa samaki, kisha husafiri tena mpaka kwenye lenzi, na safari zote mbili hutozwa. Samaki aliye mita 3 chini, ukimpiga picha kutoka mita 4 kando, amepoteza rangi ya mita 7.

Kulihakikisha hili hakuhitaji tiketi ya Mombasa. Nunua leso nyekundu Biashara Street, tafuta bwawa refu la kuogelea Westlands au Lavington, mtu aishike ndani ya maji. Piga ukiwa umbali wa mita 1, kisha mita 5, kisha kutoka ng'ambo ya pili, bila kugusa mpangilio wowote wa kamera. Leso ileile itakwenda ikififia hadi rangi ya damu ya mzee, kisha kitu cha kahawia kisichoeleweka, na hujashuka hata mita 2. (Vigae vya buluu huongeza ubuluu wake, kwa hiyo maji yasilaumiwe kwa kila kitu.)

Kipimo ninachokipenda baharini ni kiti cha pweza, yule mwenye mwili wa kijivu na vinundu vyekundu mgongoni. Picha nzuri huonyesha vinundu vyekundu huku mwili ukibaki kijivu. Mwili ukiingia uwaridi, rangi imepakwa. Kisha angalia kivuli chini yake: kikiwa na wekundu, ni uongo uleule. Halafu mchanga. Wa karibu uwe karibu na weupe, wa mbali uelekee ubuluu, maana ndivyo bahari ilivyo. Mwaka 2019 watafiti Derya Akkaynak na Tali Treibitz walionyesha mbinu yao, Sea-thru, inayoondoa athari ya maji kwa kukokotoa umbali wa kila sehemu ya picha. Programu ya kawaida ya simu haijui umbali. Humwaga dozi moja kila mahali.

Kwa hiyo ukienda kununua kamera madukani katikati ya jiji, uliza mambo mawili: je, kamera inakubali kupimiwa cheupe (white balance) palepale chini ya maji, na je, inahifadhi faili za RAW, yaani data ghafi ya picha? Olympus TG-6 hufanya yote mawili, na huzama hadi mita 15 bila kasha. Cheupe kipimwe upya kila unaposhuka mita chache. Kibao cheupe cha plastiki kinatosha. Flashi hurudisha nyekundu kwa kitu kilicho ndani ya mita 1 hivi, zaidi ya hapo huangaza uchafu tu. Kichujio chekundu na flashi visitumike pamoja.

Usihukumu picha ndani ya matatu ya Waiyaki Way yenye taa za zambarau, wala kwenye runinga ya dukani iliyokolezwa ili iuze. Zima ule umanjano wa usiku kwenye simu, shika karatasi nyeupe kando ya skrini, karibu na dirisha mchana.

Na kama picha ilipigwa kutoka mbali, kwenye kina kirefu, bila RAW, nyekundu haimo humo na hakuna wa kuirudisha. Igeuze iwe nyeusi na nyeupe, uichapishe kubwa.