Mashua Isiyo na Msalaba: Uchongaji wa Abraham Anghik Ruben

Neno "sanamu" likitajwa mbele ya wachungaji, mawazo hukimbilia Amri ya Kwanza. Ndiyo maana wengi wetu tungepita haraka mbele ya kazi za Abraham Anghik Ruben, Mwinuiti wa kaskazini mwa Kanada, aliyezaliwa mwaka 1951. Hiyo ingekuwa hasara yetu.

Ruben huchonga jiwe la sabuni na mifupa ya nyangumi. Mara nyingi humrudia Sedna, mama wa bahari: binti aliyetupwa majini na baba yake, akakatwa vidole alipoushika mtumbwi, na vidole vile vikawa sili na nyangumi. Watu wavunjapo miiko, nywele za Sedna husokotana, naye huwazuia wanyama; ndipo mganga hushuka vilindini kumchana, ili watu wapate chakula. Mwanatheolojia atatambua hapa mambo anayoyafahamu: kosa, njaa, na mpatanishi ashukaye. Ruben huyasema kwa mikunjo ya jiwe, bila mahubiri.

Mada yake nyingine ni kukutana kwa mababu zake na Wanorse, waliohamia Greenland mwishoni mwa karne ya 10. Kazi za namna hiyo zilionyeshwa Washington mwaka 2012, katika Makumbusho ya Taifa ya Wenyeji Asilia wa Marekani. Mashua hubeba watu, wanyama na roho pamoja. Mganga wa Kiinuiti na Odin, mungu wa kale wa Wanorse, huonekana kama watu wa rika moja. Ufundi ni mkubwa, ingawa pengine sura husongamana hata jicho likakosa pa kutulia.

Hata hivyo liko swali. Wataalamu wengi wa mambo ya kale huweka kufika kwa Wainuiti upande wa mashariki karibu na karne ya 13. Wakati huo Wanorse wa Greenland walikuwa Wakristo, na tangu karne ya 12 walikuwa na askofu huko Gardar. Basi mgeni yule alikuwa mtu aliyebatizwa. Lakini katika mikutano hii ya jiwe Odin ndiye anayetawala, wala si askofu.

Mhakiki mwepesi ataliita jambo hilo kosa la historia. Mimi naliona kuwa ushuhuda. Utotoni Ruben alipelekwa shule ya bweni mjini Inuvik. Shule za aina hiyo zilifadhiliwa na serikali na kuendeshwa na makanisa. Watoto waliadhibiwa kwa kusema lugha ya mama zao. Mwaka 2015 Tume ya Ukweli na Upatanisho ya Kanada iliyataja hayo kuwa mauaji ya utamaduni. Nadhani aliyepitia malezi hayo, akitaka kumchonga mgeni kuwa ndugu, hana budi kumtafuta mgeni asiyeshika msalaba.

Katika kisiwa cha Baffin kilipatikana kinyago kidogo cha mti, kazi ya mchongaji wa kale wa Kiinuiti. Chaonyesha mtu mwenye joho refu la Kizungu, na kifuani mna alama ifananayo na msalaba. Ikiwa ndivyo, mchongaji yule aliutazama msalaba bila hofu, akauchonga kama alivyouona. Kati ya kinyago hicho na mashua za Ruben umepita mkono wa Kanisa. Kabla ya kumuuliza mchongaji kwa nini ameuacha msalaba, yatupasa tujiulize sisi tuliubebaje.