Nimeokoka, Nimeokolewa: Ushuhuda wa Wokovu Mbele ya Mhakiki

Kila mwaka tunapowatuma wanafunzi nyanjani kukusanya fasihi simulizi, wengi hurudi na methali, vitendawili, ngano na nyimbo za harusi. Wachache hurudi na kitu kingine: ushuhuda wa mtu aliyeokoka, ulionaswa kanisani au katika ushirika wa nyumbani. Hapo ndipo mabishano huanza. Mwalimu mmoja husema kwamba hiyo si fasihi bali ni dini. Mwingine huupokea, lakini husita kuuhakiki kwa hofu kwamba atakuwa anamkosoa Roho Mtakatifu. Matokeo yake mwanafunzi hupewa alama kwa usahihi wa unukuzi wake, na ushuhuda wenyewe hauguswi.

Makala haya yanatetea rai kwamba ushuhuda ni utanzu halali wa fasihi simulizi ya Afrika Mashariki, kwamba unaweza kuhakikiwa bila kuvunjiwa heshima, na kwamba kipimo chake kikuu cha kifani ndicho pia kipimo chake cha kiimani. Kipimo hicho ni unyenyekevu.

Chimbuko na umbo la utanzu

Ushuhuda tunaoujua leo ulipata umbo lake katika Uamsho wa Afrika Mashariki. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi wa Buganda alikutana mjini Kampala na Dakta Joe Church, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya misheni ya Gahini nchini Rwanda. Walisoma Biblia na kuomba pamoja. Blasio Kigozi, ndugu yake Nsibambi, alitumika Gahini na alifariki mwezi Januari 1936, akiwa bado kijana. Kutoka Gahini Uamsho ulienea Kigezi, Buganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Waliouingia waliitwa Balokole. Katika vikundi vyao vya ushirika kila mtu, awe mchungaji au mpishi, alitarajiwa kusimama na kuitaja dhambi yake kwa jina, kutubu, na kurudisha alichoiba. Si kila mtu alipendezwa nao. Mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono kiliwafukuza wanafunzi 26 wa Uamsho, akiwemo William Nagenda, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa wahubiri wake wakuu.

Kifani, ushuhuda una muundo unaojulikana. Huanza kwa salamu ya kuitikiana, "Bwana asifiwe!" Kisha fanani hujitambulisha, husimulia maisha yake ya zamani, hueleza alivyogeuka, huitaja hali yake ya sasa, na humaliza kwa kuomba aombewe. Hadhira haikai kimya. Toba ikitajwa, wenzake huanza kuimba Tukutendereza, wimbo wa Kiganda ambao umeimbwa bila kutafsiriwa hata katika mikutano ya Kiswahili. Na fanani akianza kujikweza au kurefusha mno, mtu mmoja pembeni huanzisha wimbo, naye huketi. Kwa hiyo uhakiki si jambo geni lililoletwa na chuo kikuu. Tangu mwanzo hadhira ya ushirika ilikuwa ndiyo mhakiki wa kwanza.

Sarufi ya wokovu

Walimu wa sarufi wana la kusema hapa. Kiswahili kina okoa, okoka na okolewa. Tunasema "kamba imekatwa na Juma", lakini tukisema "kamba imekatika" Juma hana tena nafasi katika sentensi. Ndivyo ilivyo kwa "nimeokoka". Twaweza kusema "nimeokolewa na Yesu", lakini hatusemi "nimeokoka na Yesu" kwa maana hiyo hiyo. Kauli ya kutendeka humwacha mtenda nje.

Je, maelfu ya watu wanaosema "nimeokoka" wanamkana Mwokozi wao? La hasha. Mazoea ya lugha yana nguvu kuliko mantiki ya viambishi, na wengi humtaja mtenda katika sentensi inayofuata. Hata hivyo, kauli hiyo huacha pengo, na kazi ya ushuhuda ni kulijaza. Linaweza kujazwa na Mungu. Linaweza pia kujazwa na fanani mwenyewe.

Neno mlokole, tulilolipata kutoka Kiganda, halina pengo hilo. Tazama irabu yake ya mwisho. Mteule ni aliyeteuliwa, mtume ni aliyetumwa, kiumbe ni kilichoumbwa. Kwa utaratibu huo huo mlokole ni aliyeokolewa. Jina lenyewe linakiri kwamba kuna mwingine aliyetenda. Inasikitisha kwamba mitaani neno hilo mara nyingi hutumiwa kumkebehi mtu anayejiona bora kuliko wenzake, yaani kinyume kabisa cha maana iliyomo katika umbo lake.

Tuangalie pia wokovu na unyenyekevu. Yote mawili yana kiambishi -vu, kama usikivu, uvumilivu na upotevu. Kiambishi hiki hutaja hali au tabia ambayo mtu anaonekana kuwa nayo. Lakini kuna tofauti kati ya haya mawili. Mtu anaweza kusimama akasema "nimeokoka" na ikawa kweli. Akisimama akasema "mimi ni mnyenyekevu", papo hapo ameutia doa unyenyekevu wake. Kwa hiyo unyenyekevu hauwezi kutangazwa katika ushuhuda. Hauna budi kuonekana katika namna hadithi inavyosimuliwa.

Mhusika mkuu ni nani?

Tuchukue mifano miwili ya namna ya kushuhudia, tuliyoitunga kwa kufuata yale ambayo yeyote aliyehudhuria ibada atayatambua. Wa kwanza huenda hivi: "Niliamua kubadilika. Nikafunga siku ishirini na moja. Nikakemea, nikavunja laana za ukoo, nikapata kazi, nikanunua kiwanja. Mungu ni mwema!" Wa pili huenda hivi: "Nilikuwa nikimwibia tajiri yangu sukari dukani. Neno la Mungu likanikamata. Nilipokwenda kumwambia nilitetemeka, lakini Bwana alinishika. Bado ninalipa deni. Mniombee, maana ulimi wangu nao haujatulia."

Katika mfano wa kwanza kiambishi ni- kimetawala kila tendo jema, na Mungu ameletwa mwishoni kupigiwa makofi. Katika mfano wa pili ni- ipo pia, lakini ipo mahali pengine: kwenye wizi, kwenye kutetemeka, kwenye deni. Ukifika kwenye msaada, fanani anageuka kuwa yambwa: likanikamata, alinishika. Na mwisho anasema "mniombee", kauli ambayo inamweka tena mikononi mwa Mungu na ya wenzake. Huko ndiko kumtegemea Mungu kunakosikika. Ushuhuda usio na ombi ni kama wa mtu ambaye hana haja tena ya msaada.

Tahadhari moja inahitajika. Unyenyekevu hauji kwa kuifuta nafsi ya kwanza. Yupo anayesema "shetani alinipitia" au "makosa yalitokea", akajiondoa katika dhambi yake mwenyewe kwa ustadi ule ule ambao mwenzake anautumia kujisifu. Kanuni tunayoipendekeza ni hii: katika ushuhuda mzuri fanani hubaki kiima pale palipo na kosa, na humpisha Mungu pale palipo na wokovu. Sura ya pili ya Waraka kwa Wafilipi ina mvutano huo huo. Waumini wanahimizwa kuufanyia kazi wokovu wao, na mara wanaambiwa kwamba Mungu ndiye anayetenda kazi ndani yao. Sentensi ya kwanza ikisimama peke yake huzaa majivuno, na ya pili ikisimama peke yake huzaa uvivu.

Mfano wa Festo Kivengere

Kwa ushuhuda ulioandikwa, kitabu cha I Love Idi Amin cha mwaka 1977 kinafaa kufundishwa. Festo Kivengere alizaliwa Kigezi, alifundisha shule Dodoma katika miaka ya 1940 na 1950, na mwaka 1972 akawa Askofu wa Kigezi. Mwezi Februari 1977, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa, Kivengere na mkewe Mera walitoroka usiku kwa miguu kupitia milimani hadi Rwanda.

Mwandishi mwingine angekifanya kitoroko hicho kuwa kilele cha hadithi: askofu shujaa ameponyoka mikononi mwa dikteta. Kivengere hakufanya hivyo. Kilele anakiweka London, siku ya Ijumaa Kuu, akiwa ameketi kanisani salama salimini. Hapo anagundua kwamba moyo wake umejaa uchungu dhidi ya Amin, na kwamba uchungu huo unamkausha kiroho. Anakumbuka kwamba Yesu aliwaombea msamaha waliokuwa wakimsulubisha, naye anaona kwamba hawezi kumtoa Amin katika msamaha huo. Tazama alivyojipanga. Aliyekimbia kuuawa ndiye anayetubu. Katika hadithi yenye mkosaji mkubwa kiasi hicho, msimulizi ameitafuta ni- yake mwenyewe ya kosa.

Kitabu kina udhaifu wake pia. Kichwa chake kinaanza na nafsi ya kwanza inayotangaza upendo, na msomaji aliyempoteza baba yake katika miaka ile ana haki ya kuuliza: nani amekutuma usamehe kwa niaba yangu? Jibu ni kwamba Kivengere anazungumzia moyo wake, si mahakama. Lakini kichwa hakielezi hivyo, na mwalimu anapaswa kulitoa swali hilo darasani badala ya kulifunika.

Unyenyekevu si unyonge

Swali hilo lina jambo jingine ndani yake. Wanafunzi wetu wengi huchanganya kunyenyekea na kunyong'onyea. Luwum mwenyewe aliokoka katika Uamsho mwaka 1948, na mwezi huo huo wa Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake, Kivengere akiwa miongoni mwao, walimwandikia Amin barua ya kulalamikia mauaji na uonevu. Watu waliozoea kutubu mbele ya wapishi wao hawakushindwa kusema kweli mbele ya rais. Pengine ndiyo sababu waliweza: ambaye amekwisha kujishusha hana cheo kikubwa cha kulinda.

Kwetu sisi wa Kiswahili hapa Uganda, jambo hili lina uzito wa pekee. Watu wengi waliijua lugha hii kupitia askari wa enzi hizo, kwa amri na matusi vizuizini. Wakati huo huo katika mikutano ya Uamsho lugha hiyo hiyo ilikuwa ikiwaunganisha watu wa Kigezi, Dodoma na Mlima Kenya katika toba. Mwaka 1960 Billy Graham alipohubiri Moshi, mkalimani wake wa Kiswahili alikuwa Kivengere. Mwanafunzi anayesema kwamba Kiswahili ni lugha ya ubabe aambiwe historia hii pia.

Mahali uhakiki unapokomea

Tusidanganyike, hata hivyo, kwamba kanuni ya viambishi inatosha. Rwanda ndiko Uamsho ulikoanzia, na mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliuawa hata ndani ya makanisa, kama vile Ntarama na Nyamata. Miongoni mwa wauaji walikuwamo waumini. Walikuwamo pia waumini waliokataa kutenganishwa na ndugu zao wa kabila jingine, wakafa pamoja nao. Ushuhuda wa makundi hayo mawili, kama ungenaswa mwaka mmoja kabla, huenda ungefanana neno kwa neno. Mhakiki hana budi kukiri hilo kwa hofu.

Hapa ndipo muktadha wa utendaji unapokuwa na umuhimu. Katika ushirika mdogo wa zamani fanani alishuhudia huku mkewe, jirani yake na tajiri wake wameketi hapo hapo. Walijua kama sukari ilirudishwa. Leo ushuhuda mwingi hutolewa jukwaani, redioni na katika video, mbele ya hadhira isiyomjua msemaji wala kumwona nyumbani kwake. Maneno hayakubadilika, lakini shahidi wa shahidi ameondolewa. Hilo ni badiliko kubwa la utanzu kuliko vipaza sauti na ala za muziki.

Hitimisho

Tunapendekeza basi kwamba mwanafunzi akileta ushuhuda, tuupokee, na tumtake ajibu maswali manne. Nani ni mtenda wa kila tendo kuu? Kosa limetajwa kwa jina lake au limefichwa? Fanani anamaliza akiwa anahitaji nini, na kwa nani? Na nani alikuwa akisikiliza ambaye angeweza kusema, "Hapo umetudanganya"?

Maswali hayo hayamhukumu mtu kama ameokoka au la. Hilo haliko katika muhtasari wa somo letu. Yanatusaidia kusikia alichosema hasa. Na mwalimu anayeshuhudia Jumapili na kusahihisha Jumatatu hana sababu ya kuyaogopa, ila ajiandae kuulizwa yeye kwanza.