Obiti si Obitali: Uhakiki wa Istilahi Moja ya Kemia

Katika makala haya mafupi tunakusudia kuhakiki maelezo yaliyozoeleka katika ufundishaji wa sayansi kwa Kiswahili, kwamba elektroni huzunguka kiini cha atomi kama sayari zinavyozunguka jua. Hoja yetu ni kwamba tatizo linaanzia katika lugha kabla ya kufika katika kemia.

Tuchukue Carama, mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura. Mwanafunzi wa sekondari husoma kemia kwa Kifaransa, lugha yenye maneno mawili tofauti, moja la njia ya sayari na jingine la eneo la elektroni. Akieleweshwa upya mtaani kwa Kiswahili, yote mawili humezwa na neno “mzunguko”.

Picha ya sayari ina sifa yake. Niels Bohr aliitumia mwaka 1913, ikaeleza vizuri mwanga wa hidrojeni. Lakini tangu hesabu za Erwin Schrödinger za mwaka 1926, elektroni haichorewi njia tena. Huelezwa eneo ambamo uwezekano wa kuikuta ni mkubwa. Mwaka 1932 Robert Mulliken akalipatia dhana hiyo jina lake la pekee.

Hasara ya kuchanganya ni hii. Kanuni ya 2, 8, 8 humfikisha mwanafunzi kwenye kalsiamu, yenye elektroni 20. Skandiamu, yenye 21, hupangwa 2, 8, 9, 2. Kwa nini 9? “Mzunguko” hauna jibu. Obitali zinalo: kila moja hubeba elektroni mbili, hivyo kundi la s hubeba 2, p 6, d 10 na f 14. Katika kalsiamu 4s imekwisha kujaa, na elektroni inayofuata huingia 3d.

Si jambo la mbali. Miamba ya Gakara, kusini mwa Bujumbura, ina madini ya ardhi adimu, neodimiamu ikiwamo. Elektroni zake 60 hupangwa 2, 8, 18, 22, 8, 2, na nne kati ya hizo 22 zimo katika 4f. Mtoto wa Carama aliyepewa sayari peke yake hawezi kuyaeleza mawe ya nchi yake.

Wapo watakaosema neno “chumba” lingetosha, bila utohozi. Tunakubali kwamba linasaidia: katika naitrojeni, elektroni tatu za p hukaa kila moja chumba chake. Hata hivyo, chumba kina kuta, ilhali obitali haina mpaka mkali. Chumba kibaki mfano, kisifanywe istilahi.

Ni rai yetu, basi, kwamba “obiti” iachiwe sayari na “obitali” ipewe elektroni. TUKI ilipotoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, ilithibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kuibeba sayansi. Kinachotakiwa kwetu walimu ni kutolipa neno moja kazi za maneno mawili.