Fundi Anayeuliza Kazi Kwanza

Fundi magari wa Tunduma ana sifa zake. Lori lililolala barabarani na mzigo wa shaba likiwaka na kuondoka, dereva hutangaza mbele ya watu ni nani aliyelifufua. Seremala naye, kazi yake iko sebuleni, mgeni anaikalia. Lakini fundi kompyuta aliyekaa kwenye chumba chembamba pale Sogea, akimchagulia mteja prosesa, hana wa kumtaja. Mashine ikichaguliwa vizuri, mwenye nayo hufanya kazi zake mwaka hadi mwaka bila kuiwaza. Huyo ndiye ninayetaka kumsifu, na kwa jambo moja tu kati ya mengi anayoyajua: namna anavyoamua mteja apewe prosesa ya kompyuta ya mezani au ya seva.

Zamani hapakuwa na la kuamua. Intel walianza kuuza prosesa za seva kwa jina la Xeon mwaka 1998, AMD wakaja na EPYC mwaka 2017, na bei zake zilikuwa za mabenki na serikali. Siku hizi mambo yamegeuka. Vituo vikubwa vya data huko nje hubadilisha mashine kila baada ya miaka michache, zingine zikiwa nzima kabisa, na zinazotolewa humwagika sokoni. Zinapita Dubai, zinapita Kariakoo, mwisho zinapakiwa kwenye basi na kuteremshwa mpakani. Xeon E5-2680 v4 ilipotoka mwaka 2016 ilikuwa na bei ya zaidi ya dola 1,700. Leo iliyotumika inanunuliwa na kijana aliyemaliza chuo juzi. Ina viini 14, yaani sehemu 14 za kufanyia kazi ndani ya prosesa moja, wakati Core i5-8500 ya mezani ina 6. Mteja akishasikia namba hizo mbili, kwake hesabu imeisha.

Kwa fundi ndiyo kwanza inaanza. Nilikuwepo dada mmoja wa ofisi ya uwakala wa forodha alipoingia na tangazo kwenye simu.

"Fundi, nataka hii ya kumi na nne. Bosi kasema tuchukue kitu cha kudumu."

"Sawa, dada yangu. Ofisini mko wangapi?"

"Wawili. Mimi na kaka mmoja, kila mtu na mashine yake."

"Ukifika asubuhi unafungua nini?"

Akataja: mfumo wa forodha, yaani TANCIS, barua pepe, Excel, ankara za kuskani, na WhatsApp, maana wenye mizigo wako Lubumbashi na Dar es Salaam na wote wanataka majibu sasa hivi.

"Mashine imewahi kukuelemea?"

"Hapana, labda intaneti."

Fundi akaweka chini bisibisi. Akamwambia afikirie kituo cha pamoja cha mpakani, kile kilichozinduliwa mwaka 2019 ili lori likaguliwe mara moja badala ya kusimama Tunduma na kusimama tena Nakonde, upande wa Zambia. Ukienda na nyaraka za lori moja, akasema, madirisha kumi na manne yakiwa wazi yatakusaidia nini? Nyaraka zako zinashikwa na karani mmoja. Unachotaka ni karani mwepesi wa mikono. Ile Xeon ya viini 14 huanzia gigahezi 2.4 na kilele chake ni 3.3. I5-8500 hufika 4.1. Kwa mtu anayefungua ukurasa, anajaza fomu, anasubiri ujibu, huyo wa 4.1 ndiye karani wake. Tena kazi nzito ya TANCIS hufanywa na mitambo ya Mamlaka ya Mapato, TRA, si ya ofisini kwake. Ofisi inaonyesha kurasa na kutuma majibu, basi.

Dada akaondoka na ile ya viini 6, kwa bei ndogo kuliko aliyokuja nayo. Fundi alipoteza faida mchana huo kwa kinywa chake mwenyewe. Sijui sifa gani kubwa kuliko hiyo katika biashara ya mpakani.

Nikambana baada ya dada kutoka: mbona hukumpa tu alichotaka? Jibu lake lilikuwa umeme. Mashine za mtumba zenye Xeon za aina ya E5, kama HP Z440, hula umeme hata zikiwa zimekaa tu. Kompyuta ndogo ya ofisini ikitulia hutumia wati ishirini na kitu. Ile kubwa inaweza kuizidi kwa wati 60. Kidogo, utasema. Zidisha kwa saa 10 za kazi na siku 26 za mwezi, unapata uniti zaidi ya 15 za Luku zilizoteketea bila kufanya lolote. Umeme ukikatika, na hukatika, UPS ndogo ya dukani inaibeba ile nyepesi muda wa kutosha mtu kuhifadhi faili na kuzima kwa utulivu. Chini ya ile nzito inapiga kelele na kukata. Umeme ukirudi, mashine ya aina ya seva hujikagua kwanza, ramu yote, kipande kwa kipande, na inaweza kuchukua dakika kadhaa kabla ya kuonyesha chochote kwenye kioo, huku dereva amesimama mlangoni na makaratasi mkononi. Halafu prosesa hizo za E5 hazitoi picha zenyewe. Lazima ununue na kadi ya picha, jambo ambalo muuzaji wa mtandaoni hakulisema.

Kuna na hewa ya hapa. Mji uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kidogo kuliko ya Pwani na haiondoi joto vizuri kama ile. Kiangazi vumbi la foleni ya malori huingia kila mahali. Fundi alinifungulia mashine moja iliyotoka kwenye duka la vipuri: kati ya mapezi ya chuma juu ya prosesa vumbi lilikuwa limeshikamana kama blanketi, feni inazunguka kwa nguvu zake zote na hakuna upepo unaopita. Prosesa ya wati 65 huvumilia uzembe huo muda mrefu. Ya wati 120 hujipunguza kasi ili isiungue, na mwenyewe analalamika kwamba Windows imeharibika.

Taifa letu linaujua msiba wa kununua mashine kabla ya kuijua kazi. Kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta, baada ya mfumo wa hesabu za serikali kushindwa kutoa kilichotarajiwa na wataalamu wa kuuendesha kuwa wachache mno. Marufuku ile ilituchelewesha miaka mingi. Huwa naikumbuka ninapomsikia fundi wa Sogea akiuliza "mko wangapi?", kwa sababu swali kama hilo lilipaswa kuulizwa kwa sauti kubwa zaidi wakati ule.

Ila msidhani fundi huyu anazichukia seva. Angekuwa anazikataa zote, angekuwa na mazoea tu. Ufundi wake niliuona vizuri zaidi siku aliposema ndiyo.

Wakulima wa kahawa wa Mbozi huuza kupitia vyama vyao vya msingi, AMCOS, na chama kimoja kilitaka kuweka kumbukumbu za wanachama kwenye kompyuta moja ambayo makarani wataifikia kwa mtandao wa ndani: kilo zilizopimwa, daraja, mkopo wa pembejeo, malipo ya kwanza na ya pili. Katibu alikuja akidhani atauziwa laptopu. Safari hii maswali yalikwenda mbali. Msimu unaanza lini? Mashine itazimwa usiku? Karani akikosea kilo, nani anajua? Takwimu zinakaa miaka mingapi? Katibu akajibu kwamba mkulima anaweza kurudi baada ya misimu mitatu na kipande chake cha karatasi, akidai, na kitabu lazima kimjibu.

Hapo fundi akatoa vipande viwili vya ramu kwenye droo na kuviweka juu ya kitambaa. Vinafanana kwa urefu na kwa rangi. "Hesabu hivi vyeusi," akamwambia katibu. Kimoja kilikuwa na chipu nane upande mmoja. Kingine tisa. Ile ya tisa ndiyo siri yote. Ramu ya kawaida hubeba biti 64 kwa mkupuo. Ya aina iitwayo ECC hubeba 72, na zile 8 za ziada ni za ukaguzi. Biti moja ikigeuka, sifuri ikawa moja, mashine inagundua na kusahihisha hapo hapo. Zikigeuka mbili kwa pamoja, inatoa taarifa badala ya kunyamaza. Msingi wa mbinu hii aliuweka Richard Hamming wa maabara za Bell, Marekani. Mwaka 1947 alikuwa akiacha kazi zake kwenye mashine wikendi nzima, anakuta imeona kosa, imeitupa kazi na kuhamia nyingine. Akachukizwa: kama mashine inaweza kujua imekosea, kwa nini isijirekebishe? Mwaka 1950 akachapisha jibu.

Biti hugeuka kwa nini? Mara nyingi ni ubovu wa chipu yenyewe. Utafiti uliofanywa kwenye seva za Google na kuchapishwa mwaka 2009 ulikuta zaidi ya asilimia 8 ya vipande vya ramu hupata makosa ndani ya mwaka mmoja. Sababu nyingine iko juu ya vichwa vyetu, miale kutoka anga za mbali, nayo huzidi kadiri unavyopanda milima. Watu wa Mbozi hawahitaji kushawishiwa kwamba vitu hushuka kutoka huko. Kimondo cha Ndolezi, chuma cha takriban tani 16, kiko pale pale. Mjini Schaerbeek, Ubelgiji, katika uchaguzi wa mwaka 2003, mgombea mmoja alizidishiwa kura 4,096, idadi ambayo ni biti moja kamili, na waliochunguza hawakupata maelezo bora kuliko biti iliyogeuka. Iligundulika kwa kuwa kura zake zilipita kiasi kinachowezekana. Kilo 64 zikiongezeka au kupungua kwenye jina la mkulima wa Vwawa, nani atashtuka?

Kwa hiyo huyu alihitaji prosesa inayoielewa ramu ya ECC, na hapa ndipo fundi asiyejua huumia. Core i5 nyingi za mezani haziitumii. Ramu za seva zenye rejista, zinazouzwa rahisi sana mtumbani, hazifanyi kazi kwenye mazabodi ya kawaida hata ukiomba dua. Na Intel wenyewe wamesogeza mpaka kati ya aina hizi mbili wapendavyo. Xeon E3-1230 v2 ilikubali mazabodi nyingi za mezani. E3-1230 v5, iliyokuja mwaka 2015, inakaa sawasawa kwenye soketi ya mezani, inabana vizuri, na mashine haiwaki, kwa sababu walitaka mazabodi yenye chipuseti ya seva. Aliyenunua kwa kutazama umbo la soketi pekee amebaki na kipande kizuri cha chuma.

Fundi alimwagizia katibu ThinkServer TS140 ya mtumba yenye Xeon E3-1225 v3. Viini 4 tu. Hufika gigahezi 3.6, inatoa picha yenyewe, inakubali ramu ya ECC, na kasha lake ni la kukaa chini ya meza, lisilo na feni zile ndogo zinazopiga mayowe kama zilivyo seva bapa za kwenye makabati. Ni prosesa ya seva yenye viini pungufu kuliko ile ya mezani aliyompa dada wa forodha. Mtu anayepima kwa namba atasema fundi amechanganyikiwa: ofisi ya watu wawili inapata 6, chama chenye mamia ya wakulima kinapata 4. Mimi naona mtu mmoja aliyeuliza swali lile lile mara mbili na kupokea majibu tofauti.

Risiti ya chama niliiona. Palikuwa na mashine, ramu, diski mbili, UPS na ufundi wa kufunga. Mazungumzo yale marefu na katibu kuhusu misimu, mikopo na vipande vya karatasi hayakuandikwa popote, kwa sababu hakuna mteja wa Tunduma aliyezoea kuyalipia. Mimi ningeyaandika mstari wa kwanza, na bei yake pembeni.