Kusoma Ukoo kwa Mafungu ya Mirathi

Hati ya mirathi iliyopita kwa kadhi, hasa ya nyumba au shamba la pwani, huweza kumchosha mtafuta nasaba: majina tele, udugu haukutajwa. Basi ayaache majina kwanza, asome hesabu. Katika sheria ya Kiislamu fungu humtambulisha mwenye nalo.

Tuseme nyumba ina mafungu 240. Wanawake wawili wamepata 15 kila mmoja, wa tatu 40, wanaume wawili 68 kila mmoja, na mwanamke wa nne 34. Zile 15 mbili ni 30, yaani thumni: hao ni wajane wa mume aliyeacha watoto, wanagawana fungu moja. (Angekufa bila mtoto wangegawana robo.) 40 ni sudusi ya mama wa marehemu, au ya bibi yake ikiwa mama alishatangulia. Baba angekuwa hai naye angepata sudusi, na hapa hakuna mwanamume mwenye 40, basi alishafariki. Waliosalia wamepewa mbili kwa moja: kwa kawaida ni wana wawili na binti.

Lakini nani kazaliwa na mke yupi? Mirathi ya baba haitoi jibu, maana kwake watoto wote ni sawa. Utamu uko mbele. Mali ikikaa bila kugawanywa mpaka warithi nao wakaanza kufa, kadhi hufanya munasakha: fungu la kila aliyekufa huvunjwa tena kwa warithi wake. Mjane mmoja akifa, na 15 zake zikaenda 10 kwa mmoja wa wale wana na 5 kwa binti, umeshajua tumbo. Hao ni wake. Yule mwana wa pili si wake. Ndiyo maana mimi huanza na mirathi ya wanawake, hata iwe ndogo kiasi gani.

Mtego uko kwa waliotangulia. Mwana aliyekufa kabla ya baba hana fungu, na watoto wake huzuiwa na ami zao walio hai; tawi zima halionekani. Katika mirathi za Kenya zinazofuata Sheria ya Urithi lingeonekana, kwa kuwa pasipo wosia kifungu cha 51 kinataka watajwe hata watoto wa mtoto aliyetangulia kufa. Kwa kadhi, watafute kwenye wosia: hadi theluthi ya mali yaweza kwenda kwa asiye mrithi, na humo ndimo babu huweza kumwandikia mjukuu yatima.