Kirwa na Jina la Kimeru

Katika vitabu vya elimu ya lugha za Kibantu watu wa mlima Meru wamepewa mahali padogo, na hapo padogo penyewe pana mashaka. Wao wenyewe hujiita Varwa, ambao kwa matamshi ya Kiswahili ni Warwa, na lugha yao huiita Kirwa. Lakini serikali na majirani, na hata wao wenyewe wasemapo Kiswahili, hutumia majina Wameru na Kimeru. Majina hayo ni ya watu wengine pia, wakaao upande wa mashariki wa mlima Kenya, ambao lugha yao ni ndugu wa Kikikuyu na Kikamba. Malcolm Guthrie, alipozigawa lugha za Kibantu katika mafungu mwaka 1948, aliipa ile ya Kenya namba E53, na hii ya Tanzania E61, akaiita Rwo. Orodha ya kimataifa ya alama za lugha, ISO 639-3, hutenganisha vivyo hivyo: mer kwa Kenya, rwk kwa Tanzania. Ni vema. Hata hivyo mwanafunzi atafutaye maandishi juu ya Kimeru hana budi kuuliza kwanza ni Kimeru kipi, na mara nyingi atakachokipata ni kile cha Kenya.

Kosa la jina ni jepesi kusahihishwa. Zito zaidi ni neno lahaja. Derek Nurse, katika kitabu chake "Classification of the Chaga Dialects" kilichotolewa Hamburg mwaka 1979, alilinganisha lugha za Kilimanjaro na jirani zake, akaiweka Kirwa katika tawi la magharibi, pamoja na Kimachame na Kisiha. Kazi hiyo ni imara, na yapatana na masimulizi ya koo za Meru zisemazo kwamba wazee wao walitoka upande huo wa Kilimanjaro. Maneno kama mangi na kihamba husikika pande zote mbili. Undugu huo haukanushiki.

Lakini udugu si utumwa. Jina la kitabu latangulia kuamua jambo ambalo ushahidi wake hauliamui, kwa kuwa kuthibitisha kwamba lugha mbili zina asili moja si kuthibitisha kwamba moja ni lahaja ya nyingine. Tena Kichaga chenyewe ki wapi? Mtu wa Rombo na mtu wa Machame, kila mmoja akishika maneno ya kwao, hawaelewani kwa urahisi, na mara nyingi humaliza shauri lao kwa Kiswahili. Kuiita Kirwa lahaja ya Kichaga ni kuifanya mtoto wa mama asiyeonekana katika kijiji chochote. Guthrie, ambaye mara nyingi hulaumiwa kwa kupanga lugha kwa ramani kuliko kwa nasaba, hapa alikuwa na hadhari zaidi: aliipa Kirwa namba yake kando ya E62 ya Kichaga.

Namba hizo nazo zina mtego. E63 ya Guthrie yaitwa Rusha, na msomaji wa haraka atadhani ni lugha ya Waarusha wa mjini Arusha. Sivyo. Hiyo ni lugha ya Kibantu ya Arusha Chini, kusini ya Moshi. Waarusha wa miteremko ya Meru husema Kimaa, lugha ya Wamasai, ingawa ni wakulima wa migomba kama jirani zao. Hivyo jina Arumeru, lililoundwa kwa kuunganisha Arusha na Meru, limefunga pamoja lugha mbili zisizo na nasaba moja hata kidogo.

Hapa ndipo mchoro wa mti wa nasaba unapokosa kusaidia. Mti huonyesha lugha ilikozaliwa; hauonyeshi ilikolelewa. Warwa waliishi na Waarusha kwa vita na kwa kuoana, wakachukua kwao utaratibu wa marika. Mwenye kutaka kuyaona hayo na asome majina ya mahali tu. Nkoaranga, Nkoanrua, Nkoarisambu: hayo ni ya Kirwa. Engare Nanyuki, maji mekundu, ni Kimaa. Maji ya Chai ni Kiswahili kitupu. Usa River ina mkia wa Kiingereza. Mlima mmoja, tabaka nne za lugha, na hakuna kitabu cha uainishaji kilichoziweka katika ukurasa mmoja.

Engare Nanyuki hiyo ndiyo iliyolipeleka jina la Wameru mbali. Mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wapatao 3,000 ili nchi ipewe walowezi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alifika Umoja wa Mataifa, New York, kuwatetea. Kitabu chake na Earle Seaton juu ya kesi hiyo kilitolewa Nairobi mwaka 1967, kwa Kiingereza. Basi jina Meru si la kutupwa kwa amri ya mwanachuoni, limelipiwa. Lililo la haki ni kuandika Kirwa pale lugha inapozungumzwa, na kuwaachia watu jina walitakalo.

Ubishi wa namna hii haupo Meru peke yake. Huko Manipur, India, sensa ya 2011 iliandika Kithado na Kikuki mbalimbali, huku wenyeji wakiendelea kubishana kama Wathadou ni Wakuki au ni kabila kamili. Lakini India huwauliza watu lugha ya mama. Tanzania haijauliza kabila katika sensa tangu 1967, na sababu zake za umoja ni njema. Tokeo lake ni kwamba hesabu za wasemaji, hata zile za "Atlasi ya Lugha za Tanzania" ya mwaka 2009, ni makadirio, wala hazionyeshi ni watoto wangapi wa Tengeru au Usa River wanaoielewa Kirwa bila kuisema. Sera ya Utamaduni ya 1997 inahimiza lugha za jamii ziandikwe na kuchunguzwa. Kwa Kirwa, uchunguzi wa kwanza ungekuwa huo: si swali la tawi gani la mti, bali ni nyumba gani inayoisema, na mbele ya nani huiacha.